Mvua, theluji na radi ndani ya Minecraft: namna ya kuzitegea na kuzitumia

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Ndani ya Minecraft methali hiyo haikusaidii, kwa sababu mawingu yapo angani kila siku, jua liwake au lisiwake. Dalili ni moja tu: anga hugeuka kijivu kwa muda wa sekunde 5 hivi, na hapo mvua imeshaanza. Ndiyo maana wachezaji wengi huichukua hali ya hewa kama usumbufu wa kukimbilia ndani, kumbe ni mtambo wenye saa zake, mipaka yake na faida ambazo hazipatikani kwa njia nyingine. Dhoruba ya radi hasa ni fupi na haiji mara kwa mara. Anayeanza kujenga baada ya kusikia ngurumo huwa amechelewa.

Namba zilizopo hapa ni za toleo la Java, lile la kompyuta. Toleo la Bedrock, la simu na koni za mchezo, linafanana nalo katika mambo makubwa lakini linatofautiana katika vipimo.

Saa mbili zinazoendesha anga

Mchezo huhesabu muda kwa tiki, na sekunde moja ina tiki 20. Nyuma ya pazia zipo saa mbili zisizotegemeana: saa ya mvua na saa ya radi.

Saa ya mvua ikizimika hubaki hivyo kwa tiki 12,000 hadi 180,000, yaani dakika 10 hadi 150. Ikiwaka, mvua hunyesha kwa tiki 12,000 hadi 24,000, sawa na dakika 10 hadi 20. Saa ya radi nayo hulala dakika 10 hadi 150, kisha huwaka dakika 3 hadi 13 tu. Dhoruba huonekana pale saa zote mbili zinapowaka kwa wakati mmoja. Radi ikiwaka peke yake bila mvua, hutaona wala kusikia chochote, na zamu hiyo imepotea.

Ukipiga hesabu ya wastani, mvua huchukua takribani 16 kwa 100 ya muda wote, saa ya radi 9 kwa 100, na zikikutana hubaki kama 1.4 kwa 100. Katika saa 100 za kucheza, dhoruba ni saa moja na nusu hivi, tena imegawanyika vipande vipande. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini maandalizi yafanywe mapema.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui na linawagharimu. Kulala kitandani hurusha usiku, lakini hakusogezi saa za hali ya hewa. Saa hizo huhesabu tiki zilizochezwa kweli, si siku za mchezo. Kwa hiyo kulala usiku mkavu hakukuletei mvua karibu hata kwa dakika moja. Na ukilala wakati mvua inanyesha, mchezo huzifuta saa zote mbili na kuzipangia muda mpya, pamoja na ile ya radi ambayo pengine ilikuwa imebakiza dakika 2 iwake. Anayesubiri dhoruba asilale mvua inaponyesha. Anayetaka kuiondoa, kitanda ndiyo dawa: katika dhoruba ya radi unaruhusiwa kulala saa yoyote, hata mchana, ila katika mvua ya kawaida usubiri jioni. Mkiwa wengi kwenye seva, kwa kawaida lazima wote walale.

Wapi kunanyesha na wapi hakunyeshi

Saa ni moja kwa dunia nzima ya juu, lakini kinachoshuka hutegemea bayomu, yaani aina ya eneo, uliyosimama. Jangwa, savana na ile nchi ya udongo mwekundu hupata wingu zito bila tone. Maeneo ya baridi hupata theluji. Mengine yote hupata mvua. Nether na End, zile dunia nyingine mbili za mchezo, hazina hali ya hewa kabisa.

Kimo nacho kina kazi. Y ni namba ya kimo. Kuanzia Y 80 kwenda juu, joto hupungua kidogo kwa kila bloku, na likishuka chini ya 0.15 mvua hugeuka theluji. Kwenye vilima vilivyopigwa na upepo mpaka huo uko karibu na Y 120. Kwenye taiga ya kawaida uko Y 160, na kwenye taiga ya misonobari mikongwe Y 200. Mtu anaweza kuwa na shamba linalonyeshewa bondeni na mnara unaoganda juu yake, katika bayomu ileile. Bonyeza F3 usome Y na jina la bayomu kabla hujachagua kiwanja, maana radi katika toleo la Java hupiga tu mahali panaponyesha mvua ya maji. Ukijenga mtego wa radi jangwani au kwenye theluji, utasubiri bure.

Kama unataka kujaribu kabla ya kujenga kwenye dunia yako ya kweli, fungua dunia nyingine yenye ruhusa ya amri, kisha andika:

/weather thunder 600s

Hiyo ni dhoruba ya dakika 10. Herufi s ni muhimu, kwani katika matoleo mapya namba tupu husomwa kama tiki, na 600 ingekuwa nusu dakika tu. Badala ya thunder unaweza kuweka rain au clear. Ukitaka hali iliyopo isibadilike, andika /gamerule doWeatherCycle false. Matoleo ya karibuni kabisa yamebadili majina ya kanuni, hivyo amri ikikataa, andika /gamerule, acha nafasi, bonyeza Tab, utafute yenye neno weather. Radi moja ya majaribio hupatikana kwa /summon lightning_bolt ~ ~ ~, ila sogea kwanza, kwa sababu itakupiga wewe.

Mvua ya kawaida: faida ndogo, lakini ni za bure

Uvuvi ndio unaolipa haraka. Ndoano ikiwa majini mahali panaponyeshewa, muda wa kusubiri hupungua kwa moja ya tano. Kawaida bila Lure, uchawi wa ndoano unaoharakisha samaki, unasubiri sekunde 5 hadi 30. Mvua hushusha wastani kutoka sekunde 17 na nusu hadi 14. Ukivua chini ya paa mambo hugeuka: maji yasiyoona anga huchelewesha samaki mara mbili. Banda la kuvulia basi limfunike mvuvi, maji yabaki wazi.

Shambani, udongo uliolimwa na ulio wazi hulowa wenyewe mvua inapoanza. Hilo huwadanganya wanaoanza, wakaacha kuchimba mfereji. Mvua ni dakika 10 hadi 20, na kiangazi kinaweza kufika dakika 150. Udongo ukikauka, mazao hukua polepole, na kipande kisicho na mmea hurudi kuwa udongo wa kawaida. Weka chanzo kimoja cha maji katikati ya mraba wa bloku 9 kwa 9, kitamwagilia bloku 80 zinazokizunguka, na mvua uihesabu kama nyongeza.

Sufuria ya chuma iliyoachwa nje hujaa yenyewe, ila kwa mwendo wa kobe. Kila safu ya bloku hutembelewa na mvua mara moja katika tiki 4,096 kwa wastani, yaani dakika tatu na sekunde 25, na katika kila matembezi sufuria ina nafasi 5 kwa 100 tu ya kupanda kimo kimoja. Hiyo ni zaidi ya saa moja ya mvua kwa theluthi moja ya sufuria. Kwa maji, hiyo si njia ya kutegemea. Jiwe lenye ncha linaloning'inia chini ya bloku yenye maji juu yake hujaza sufuria haraka zaidi, mvua iwepo isiwepo.

Mvua pia huzima moto na watu wanaoungua. Hapo kuna upande wa pili: zombi na mifupa inayonyeshewa haiungui asubuhi. Usitoke alfajiri ya mvua ukidhani jua limekusafishia njia. Enderman, yule kiumbe mrefu mweusi, huumizwa na mvua na kurukaruka kutoka mahali hadi mahali, na sanamu hai ya theluji uliyoiweka kulinda mlango hufa isipokuwa na paa. Nyuki nao hurudi mzingani, kwa hiyo mvua ni wakati mzuri wa kuuhamisha mzinga wote ukiwa nao ndani, kwa kifaa chenye Silk Touch, uchawi wa kuchukua bloku nzima bila kuivunja, na moto wa kambi chini yake.

Theluji na barafu

Hivi viwili watu huvichanganya. Theluji hutanda chini wakati inaposhuka tu. Barafu hufanyika kwenye maji ya bayomu ya baridi wakati wowote, hata anga ikiwa safi, mradi maji yaone anga na angalau upande mmoja usiwe maji. Ndiyo sababu bwawa huganda kuanzia ukingoni.

Vyote viwili hukataa kutokea mahali penye mwanga wa taa wa kiwango cha 10 au zaidi. Mwenge hutoa 14 na hupoteza 1 kwa kila bloku, kwa hiyo mwenge mmoja hulinda bloku 4 kila upande. Kwa njia au uwanja unaotaka ubaki mkavu, hesabu kwa kipimo hicho. Kwa mfereji wa shamba kwenye baridi, njia nafuu ni kufunika maji kwa bloku nusu. Maji yasiyoona anga hayagandi, na bado hulowesha udongo. Paa nalo lina siri yake: theluji haikai juu ya ngazi wala bloku nusu zilizowekwa upande wa chini, hivyo paa la ngazi hubaki na rangi yake mwaka mzima. Jua halimalizi theluji iliyokwisha kutanda. Huondolewa kwa koleo, au kwa taa ya kiwango cha 12 kwenda juu.

Theluji laini, ile unayozama ndani yake, hupatikana kwa kuweka sufuria tupu nje katika bayomu ya theluji. Nafasi yake ni 10 kwa 100 kwa kila matembezi, mara mbili ya maji, lakini sufuria lazima ifike vimo vyote 3 ndipo ndoo ikubali kuchota. Kwa sufuria moja ni zaidi ya saa moja na nusu ya theluji inayoshuka. Weka 10 au 20 kwa mstari, uendelee na kazi nyingine. Ukitumbukia ndani yake bila vazi la ngozi, baada ya sekunde 7 unaanza kuumia kwa baridi. Kipande kimoja tu cha ngozi kinatosha kukukinga, na viatu vya ngozi hukuwezesha kutembea juu yake.

Dhoruba inapofika: mwanga kwanza

Wakati wa dhoruba mchezo hupunguza mwanga wa anga kwa 10 unapoamua kama adui atokee. Mchana wa kiwango cha 15 huhesabiwa kama 5, na hiyo inatosha zombi kuota katikati ya uwanja wako saa sita mchana. Wanaoumizwa na hili ni wale walioacha uwanja bila taa kwa kulitegemea jua.

Bahati njema, tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 adui wa kawaida hawezi kutokea penye mwanga wa taa hata wa kiwango cha 1. Mienge inakinga dhoruba kama inavyokinga usiku. Kwenye ardhi tambarare panga mienge kwa mraba, kila mmoja bloku 13 kutoka kwa mwenzake. Ukiweka 14, bloku moja ya katikati hubaki giza kabisa, na adui mmoja anatosha kuharibu usiku wa mtu. Penye vilima na kuta punguza hadi 10 au pungufu, kwa kuwa mwanga hupotea pia kwenye kupanda na kushuka.

Kuweka kingaradi bila kuleta maafa

Radi ina nafasi moja katika 100,000 kwa kila chanki hai, kwa kila tiki. Chanki ni kipande cha bloku 16 kwa 16. Ukiwa na chanki 200 zinazofanya kazi, wastani ni radi moja kila sekunde 25. Ikishuka hutafuta kwanza kingaradi, kile kifimbo cha shaba kinachosomeka Lightning Rod. Isipokipata, hutafuta kiumbe kilicho wazi karibu na hapo ilipopangiwa, na hapo ndipo mchezaji anayekimbia uwanjani hupigwa. Mpigo hutoa uhai 5, yaani nusu-mioyo 5, ongeza moto.

Tengeneza hivi:

1. Chimba shaba. Hupatikana kwa wingi karibu na Y 48, na kila jiwe la madini hutoa vipande 2 hadi 5. Yeyusha vitatu kwenye tanuri, panga mikuo 3 kwa safu wima mezani, upate kingaradi moja.

2. Chagua mahali palipo nje ya nyumba. Hili ni la lazima kuliko yote. Radi ikipiga, hugusa kila kiumbe ndani ya kisanduku cha bloku 3 kila upande, bloku 3 kwenda chini na bloku kadhaa kwenda juu, na kuta na dari hazizuii. Wengi huichomeka kwenye kilele cha nyumba ya wanakijiji, kisha hushangaa kumkuta mchawi chumbani. Mwanakijiji akiguswa na radi hugeuka mchawi, na harudi tena. Nguruwe hugeuka zombi mwenye upanga wa dhahabu, na kasa hufa papo hapo.

3. Jenga nguzo ya mawe, bloku 6 au zaidi kutoka kwa mtu au mnyama unayemjali, au juu sana kuliko vichwa vyao. Usiiweke juu ya mbao. Kwenye ugumu wa kati na wa juu, radi huweza kuwasha moto kwenye bloku zinazoizunguka kingaradi, na paa la mbao likishika, mvua haiokoi kilicho chini ya dari.

4. Chomeka kingaradi kileleni. Lazima iwe bloku ya juu kabisa katika safu yake. Tawi la mti lililokua juu yake, au bloku ya kioo uliyoiweka kwa urembo, huifanya isihesabiwe.

5. Safisha chini yake. Vitu vilivyodondoka ardhini ndani ya kile kisanduku huteketea.

Katika Java kingaradi moja huvuta radi kutoka bloku 128 kila upande, hivyo kijiji cha kawaida hakihitaji mbili. Katika Bedrock fikiria 64. Zikiwa nyingi, inayochukua radi ni ile iliyo karibu zaidi na mahali radi ilipopangiwa, na hilo lina maana kubwa katika kazi inayofuata. Kingaradi pia hutoa nguvu ya redstoni, ule umeme wa mitambo ya mchezo, ya kiwango cha 15 kwa tiki 8 kila ikipigwa. Unganisha na taa au kengele, utajua radi imetua hata ukiwa shimoni.

Kumtia kripa umeme

Kripa ni yule adui wa kijani anayejilipua. Aliyepigwa na radi hung'aa buluu na mlipuko wake huwa na nguvu mara mbili. Thamani yake ni hii: akilipuka karibu na zombi, mifupa, kripa mwenzake, mifupa myeusi ya Nether au Piglin, mmoja wao hudondosha kichwa chake. Kwa karibu vichwa vyote hivyo, hakuna njia nyingine ya kawaida ya kuvipata. Kazi hii huwashinda wengi kwa sababu wanaianza dhoruba ikiwa imeshafika. Fanya hivi anga likiwa safi.

Chagua kiwanja katika bayomu ya mvua, mbali na kingaradi zako nyingine. Ikiwa ipo nyingine ndani ya bloku 128, itachukua sehemu ya radi zako, hivyo iondoe kwa muda. Chimba shimo la bloku 1 kwa 1, kina bloku 2, ulizungushie kioo juu ya ukingo. Kripa haoni kupitia kioo, kwa hiyo hataanza kuvimba ukipita. Usilifunike: mvua imwangukie, imzime moto baada ya radi.

Mlete kripa. Njia rahisi ni kumbeba kwa mtumbwi hadi ukingoni, kisha kuvunja mtumbwi aanguke shimoni. Usimwache ndani ya mtumbwi akingoja radi, kwani chombo kinaweza kuvunjika kwa mpigo uleule. Akishatulia mpe kibandiko cha jina, la sivyo atatoweka ukienda mbali. Kama huna kibandiko, kaa ndani ya bloku 32 muda wote.

Simika nguzo bloku 1 au 2 pembeni mwa shimo, kingaradi isizidi bloku 2 juu ya kichwa chake. Ikiwa juu zaidi, kisanduku cha radi hakitamfikia, na hili ndilo kosa la kwanza. Tayarisha kibanda chako bloku 15 hadi 20 kutoka hapo, chenye paa na dirisha.

Dhoruba ikianza ingia kibandani, tazama. Radi ya kwanza ikimpiga na akang'aa, toka mara moja ukaivunje kingaradi. Hapa ndipo kosa la pili, na ndilo linalouma zaidi. Kripa ana uhai 20, kila radi humtoa 5, naye hajiponyi. Kwa radi ya kila sekunde 25, utakayemwacha hapo dakika mbili utamkuta amekufa na kazi yote imekwenda. Kama unataka wengi kwa dhoruba moja, andaa mashimo matatu au manne kuzunguka nguzo moja, yote ndani ya bloku 3, ili mpigo mmoja uwaguse wote, kisha uivunje.

Kumtumia: mfungie yule unayetaka kichwa chake bloku 1 au 2 kutoka kwa kripa, tia moto kwa jiwe la kiberiti, ukimbie. Una sekunde moja na nusu. Mlipuko wake hufika mbali, hivyo andaa ukuta wa obsidiani hatua chache nyuma yako. Kripa mmoja hutoa kichwa kimoja, hata ukimzungushia mifupa kumi.

Njia ya mkato ni mkuki wa meno matatu wenye uchawi wa Channeling. Katika dhoruba, kiumbe chochote kilicho wazi ukikirushia nao ukakipata, radi hushuka juu yake palepale. Ni ghali kwa muda, kwani mkuki wenyewe hutoka kwa mizuka ya majini inayoubeba, na hata hao hawaudondoshi mara nyingi. Ukiupata, usiuunganishe na Riptide, havikai pamoja. Riptide ni wa kazi nyingine: hukurusha hewani mvua ikikunyeshea, na kwa safari ndefu ya mvua hakuna farasi anayekufikia.

Farasi wa mifupa anayesimama peke yake

Mara chache radi huacha farasi wa mifupa ametulia uwanjani. Huo ni mtego. Ukimkaribia ndani ya bloku 10, radi hupiga tena na wapanda farasi wanne wenye pinde na kofia zenye uchawi hutokea. Nafasi yake hutegemea ugumu na muda uliokaa eneo hilo: kwenye ugumu wa juu ni kati ya 2.25 na 6.75 kwa kila radi 100, kwenye rahisi haizidi 1.5. Radi iliyotua juu ya kingaradi haileti mtego huu kamwe, kwa hiyo anayewataka farasi hao aondoe kingaradi zake kabla ya dhoruba.

Ukiamua kuwachukua, simama nyuma ya ukuta wa bloku 2 wenye tundu, waite kwa kukaribia kisha urudi. Lenga mpanda farasi, si farasi. Mpandaji akifa, farasi hubaki amefugika tayari, na tofauti na farasi wa kawaida anaweza kupandwa hata chini ya maji. Usipomkaribia, mtego hutoweka wenyewe baada ya dakika 15.